Tabora hadi Vankuva, Dakika Arobaini na Moja

1

Bi Mgeni alishuka kwenye ndege ya mkunjo Jumatatu saa nane mchana akiwa amefura kwa hasira, na Bi Mgeni akiwa na hasira hatafuti wa kumtuliza, anatafuta wa kumsikiliza. Aliwapita wahudumu wa mapokezi kama hawapo, akampita na mlinzi aliyekuwa akimkimbilia na kifuko chenye saa na simu yake, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango ulioandikwa Kitengo cha Muda. Hakubisha hodi.

Ndani alikuwa Kalunde Mihayo, mkuu wa kitengo, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, miwani puani na kalamu mkononi. Kazi yake ilikuwa moja, nayo ilitosha kumpa heshima mji mzima wa Tabora: kuthibitisha kwamba kila safari ya Vankuva, kilomita elfu kumi na nne na mia sita, ilichukua dakika arobaini na moja. Asipotia sahihi, ndege haihesabiwi kuwa imefika, hata kama abiria wameshashuka na wanakunywa chai.

"Mama Nyamizi, nihukumie," Bi Mgeni alisema, akanyoosha mikono yote miwili juu ya vyeti. "Tazama kucha zangu."

Kalunde alizitazama. "Zimekatwa vizuri."

"Zimekatwa na mashine yenu, wala sikuiomba. Tazama chini, kwenye mzizi."

Kila abiria alikatwa kucha akiwa usingizini, na kila mwanamume alinyolewa ndevu. Shirika liliiita huduma ya heshima na watu waliipenda. Wapo wanaume wa Tabora waliokuwa wakijitapa kwamba hupanda ndege ile wakiwa wazee na kushuka wakiwa mabwana harusi. Kalunde aliinamisha miwani. Kucha za Bi Mgeni zilikuwa nyekundu kwa hina iliyoiva, lakini kwenye mzizi wa kila moja palikuwa na mstari mweupe usio na rangi yoyote, upana wake kama njiti ya kiberiti.

"Mvuke wa usingizi unafuta hina, Bi Mgeni. Tulishawaambia."

"Unafuta ya ngozini. Hilo nimelikubali, ndiyo maana bibi harusi wa Vankuva nampaka hukohuko akishafika. Sasa mvuke unasukuma na ukucha? Hina hii nimepaka Alhamisi alfajiri, kabla sijapanda ndege yenu. Leo Jumatatu. Siku nne. Mimi miaka arobaini nawapaka wari na kuwatoa kwenye fungate, najua ukucha unavyotembea. Siku saba za fungate zikiisha, mzizi unaonyesha kiuzi cheupe, chembamba kabisa. Hapa zipo fungate tatu. Ukinibana sana, naongeza siku moja."

"Fungate tatu ni siku ishirini na moja."

"Na moja, nimekwambia. Ishirini na mbili. Siku zangu kala nani?"

Kalunde alifungua mdomo amjibu kwa mzaha, ndipo hesabu ikajifanya yenyewe, maana kichwa cha mtu wa saa hakipumziki. Ishirini na mbili, toa nne alizokaa ardhini. Kumi na nane. Kwenda na kurudi, gawa kwa mbili. Tisa.

Kalamu ilimponyoka. Hina haikumshtua sana. Kilichomshtua ni hiyo tisa, kwa sababu alikuwa akiisikia kila siku ya kazi kwa mwaka na nusu, kutoka kwa mtu mmoja, na kila siku alikuwa akiicheka.

2

Mtu huyo alikuwa Athumani Pazi, mhandisi mkuu wa mkunjo, Mzaramo wa Kisarawe. Kalunde ni Mnyamwezi. Anayejua maana yake hahitaji kuelezwa, na asiyejua aelezwe kwa ufupi: hao ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana mbele ya wakweo nawe unacheka. Ukifiwa, anakuja kulala ndani ya kaburi akidai kitu kabla maiti haijashushwa, na hakuna wa kumfukuza. Jambo moja tu haliruhusiwi. Mtani hakasirikiwi.

Kila jioni Kalunde alipomaliza kutia sahihi, Pazi alikuja kuchukua vyeti. Akivinyanyua, akavipima uzito mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye korido: "Dakika arobaini na moja au siku tisa, kwa mjukuu wa mpagazi kuna tofauti gani? Babu zako walikwenda pwani miezi mitatu kwa miguu, na pembe begani."

Naye Kalunde akimrudishia: "Na babu zako wakitupokea kwa ngoma, maana hawakuwa na kazi nyingine."

Uwanja mzima uliijua ile siku tisa. Wafagiaji waliitumia. Wahudumu walimsalimia nayo asubuhi: "Mama, leo tunakwenda kwa siku ngapi?" Ilikuwa imekwisha kuwa kama shikamoo ya pale.

Bi Mgeni alipoondoka, akiwa ameahidiwa jibu kesho yake, Kalunde alifunga mlango kwa ufunguo na kuvuta droo ya chini. Alijua anachokitafuta na hakutaka kukipata. Alitoa vyeti kumi na viwili vyenye jina la abiria Nyamizi, binti yake wa pekee, akavipanga mezani.

Nyamizi alikuwa muuguzi Vankuva. Akiondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi, kama mtu anayefanya kazi Nzega, mji wa jirani. Wiki kumi na moja zilizopita aliolewa na Idrisa Mlekwa, mwalimu, kijana waliyejuana naye kwa miezi miwili tu kabla ya posa. Wiki mbili baada ya harusi alirudi kazini, akaenda na kurudi wiki sita mfululizo, kisha akaacha kwa sababu tumbo lilikuwa limemtangulia. Hospitali walimpima wakasema mimba ni ya miezi saba. Miezi saba iliyopita Idrisa alikuwa hamjui Nyamizi hata kwa jina.

Wenye mimba hawakuruhusiwa kupanda ndege ya mkunjo. Shirika lilisema mvuke unawadhuru, na kila mwanamke alipimwa mkojo mlangoni. Nyamizi hakupimwa. Alipitia mlango wa wafanyakazi, kwa kitambulisho alichoombewa na mama yake. Wala hakujua kwamba ana mimba, kwa sababu wanawake wote wa safari zile siku zao zilivurugika. Waliambiana wenyewe kwa wenyewe, wakalaumu mvuke, wakanyamaza.

Kalunde alihesabu. Safari kumi na mbili mara siku tisa, mia moja na nane. Wiki kumi na tano na ushei. Jumlisha kumi na moja za ndoa, jumlisha na zile mbili ambazo wauguzi huanza nazo. Ishirini na nane. Miezi saba, haikupungua wala haikuzidi.

Alivua miwani. Alikuwa amekumbuka kikao cha wakwe, wiki mbili nyuma.

Kikao kilifanyika sebuleni kwake. Bi Siwema, mama yake Idrisa, alihesabu miezi kwa vidole mbele ya watu wote, kidole kwa kidole, na alipofika cha saba akakiacha kimesimama. Nyamizi aliapa. Akaapa tena. Wakwe wakamtazama Kalunde, kwa sababu hakuna mtu Tabora anayebishana na hesabu za Kalunde, na Kalunde akahesabu kama walivyohesabu wao. Pazi naye alikuwepo, maana mtani hakosi kwenye jambo kama hilo. Alikula wali, akatania kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba ubishi hautasaidia, heri upande wa mwanamke uombe radhi.

Kalunde aliomba radhi, na Nyamizi akaachwa kwa mama yake. Wageni walipoondoka alimfuata binti yake chumbani, akafunga mlango na kumwuliza neno ambalo hadi leo lilikuwa limekaa kati yao: "Niambie ukweli, ni wa nani?"

Tangu siku ile Nyamizi alikuwa akimjibu mama yake kuhusu chumvi na maji tu.

3

Pazi alikuwa peke yake kwenye chumba cha mitambo, akipuliza chai. Alipomwona alitabasamu. "Karibu, binti wa wapagazi. Mzigo uko wapi?"

"Abiria wanakaa siku ngapi ndani ya mkunjo?"

"Tisa," Pazi alisema, akicheka. Kisha akamtazama vizuri, na kicheko kikamkauka. Aliweka kikombe chini. "Nani amekwambia?"

"Wewe. Mara mia nne."

Mitambo ilinguruma nyuma ya ukuta. Pazi alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Siku ya kwanza ulinifundisha kwa shuka," Kalunde alisema. "Ukalikunja, Tabora ikagusa Vankuva. Ukasema umbali haujafa, umekunjwa."

"Na ndivyo ilivyo. Nje, kwa saa ya hapa na saa ya kule, ni dakika arobaini na moja. Hukuthibitisha uongo." Aliongea polepole, kwa sauti ya darasani. "Ila shuka lina unene. Ukilikunja, pale kwenye mkunjo pana upana wake. Sisi tulio nje hatuuoni. Aliye ndani anaupita wote. Mwili wake unaishi siku tisa, unalishwa kwa mrija, unanyolewa, unakatwa kucha. Tunamlaza ili asijue. Saa tunazichukua mlangoni ili zisiseme."

"Na wenye mimba?"

"Hao wangesema hata bila saa."

Kalunde alikaa chini bila kukaribishwa. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba mtambo umeharibika, kwamba ndiyo kwanza wamegundua, chochote. Hakuwa amejiandaa kusikia kitu kilichonyooka namna hiyo.

"Ulinidanganya, Athumani."

"Nilikwambia kila siku." Pazi alisema kama mtu aliyeonewa. "Kwa barua ningekwambiaje? Wangenifukuza jioni hiyohiyo. Nikakwambia kwa lugha yetu, mbele za watu, wewe ukacheka. Kosa langu liko wapi?"

"Ulichagua lugha ambayo ulijua sitaiamini."

Pazi alisogeza kikombe pembeni.

"Kwenye kikao," Kalunde aliendelea, "ulikaa kwenye kochi langu. Ulikula wali nilioupika mimi. Mwanangu akaapa mara mbili, nawe ukasema tuombe radhi. Ulikuwa umeshajua?"

"Nilijua mama mkwe alipofika kidole cha tano."

Kalunde alijikuta akihesabu tena. Ishirini na sita, tangu walipojuana stesheni ya reli, yeye akiwa mshika saa na Pazi fundi wa injini. Miaka ishirini na sita. Alimzika mama yake Pazi. Pazi alimbeba Nyamizi mgongoni siku alipoungua mguu. Yote hayo Kalunde aliyaona yanageuka palepale, kama nguo inayogeuzwa nje ndani, na ndani kukawa na uchafu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungesema, wangefunga. Mwezi uliopita tulipeleka watoto wanne wa moyo. Kwa ndege za kawaida, saa thelathini na kubadilisha viwanja vitatu, wawili wasingefika. Wote wamerudi wanacheza mpira. Siku tisa tu, Kalunde. Nani asingezitoa?"

"Wangeulizwa, wangezitoa. Hawakuulizwa."

"Wakiulizwa wote, nusu watakataa, na shirika halitaendesha ndege tupu kwa ajili ya watoto wanne." Pazi alivuta kiti karibu, akashusha sauti. "Sikiliza. Jambo la Nyamizi linatengenezeka. Daktari wa shirika ataandika barua kwamba binti yako amepata hali ya nadra, mvuke umekuza mimba haraka. Yeye peke yake. Kabla ya Ijumaa yuko kwa mumewe, na wakwe ndio watakaokuja kuomba radhi. Wewe unaendelea na kalamu yako. Hakuna aliyeumia."

Ukweli ni kwamba kwa pumzi mbili au tatu Kalunde aliitaka ile barua. Aliitaka kama mgonjwa anavyotaka maji. Alimwona Nyamizi akivuka kizingiti cha mumewe na kichwa juu.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa," Pazi alisema, na hapo hakumtazama usoni, "vyeti vyote elfu moja na kitu vina jina lako. Langu halipo hata kwenye kimoja. Ulifikiri shirika lilikutoa stesheni kwa sababu gani? Mafundi wa saa wamejaa Dar. Walitaka mtu ambaye mji unamwamini. Hukuwahi kuficha hata dakika moja ya treni kuchelewa. Mimi ndiye niliyewapa jina lako."

Kumbe ndiyo maana ile siku alikuja nyumbani na keki kumpongeza kwa kazi mpya. Kalunde alisimama. Alitafuta neno la kumwambia, lakini maneno yote makali aliyoyajua alikuwa ameshamwambia kwa miaka mingi, wakicheka.

4

Nyamizi alikuwa uani anachambua mchele, ungo juu ya tumbo kwa sababu mapajani hapakuwa na nafasi tena. Jua lilikuwa bado halijazama. Mama yake alivuta kigoda akakaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili hakuuliza kuhusu chumvi.

Alimwambia yote bila kujipamba. Kucha za Bi Mgeni, mia moja na nane, shuka, kidole cha tano, keki. Alimwambia na kuhusu barua. Nyamizi alisikiliza huku vidole vikiendelea kutoa mawe. Alipomaliza, vidole vilisimama.

"Kila nikishuka naona nguo imebana," alisema. "Nikipanda sketi inafunga, nikishuka haifungi. Nilikwambia. Ukaniambia nimenenepa kwa chakula cha Wazungu."

"Uliniambia."

"Nikakwambia mtoto ni wa Idrisa."

"Uliniambia, mama."

"Ukaniuliza ni wa nani." Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke. "Wale ni wakwe, hawanijui. Pazi ni mtani, wa kabila jingine. Wewe ulinizaa. Ulikuwa na saa mkononi na mimi mbele yako, ukaiamini saa."

Kalunde alisema samahani. Lilikuwa neno dogo na alilijua udogo wake. Alitaka kumshika binti yake mkono, akaogopa kwamba atauondoa, basi akashika ukingo wa ungo.

"Barua itakurudisha kwa mumeo," alisema. "Sikufichi. Nikisema hadharani huenda wakanifunga, na watoto wa moyo watakosa ndege. Nikinyamaza, wewe unapona. Niambie unataka nini, nitafanya hicho."

"Usinibebeshe mimi." Nyamizi alijipangusa uso kwa upande wa kanga. "Kitengo ni chako, sahihi ni yako. Ila nikwambie kitu kimoja. Barua itasema mimi ni wa ajabu peke yangu. Kila Jumatatu nilikuwa nalala kwenye ile ndege na wanawake kumi na wanane. Wengine wanatafuta mtoto mwaka wa tatu sasa, wanadhani wana wakati. Mimi nirudi kwa Idrisa nikiwa nimewanyamazia hao?" Alirudisha macho kwenye mchele. "Walinihesabu mbele za watu, Mama. Kama kuna la kusema, liseme mbele za watu."

5

Ndege ya Jumanne iliondoka saa nne asubuhi. Kabla ya kila safari palikuwa na desturi: mkuu wa muda husimama mbele ya abiria na kipaza sauti, anatangaza umbali na muda, kisha watu wanavua saa na kuzitia kwenye vifuko. Shirika lilipenda Kalunde atangaze mwenyewe. Sauti yake iliwatuliza.

Abiria walikuwa sitini na mmoja. Katika mstari wa mbele alisimama Bi Siwema, ambaye kila mwezi alikwenda kutibiwa macho Vankuva. Alimwona Kalunde akaangalia pembeni. Kisha akamwona Nyamizi ameingia na Bi Mgeni kwa mlango wa nyuma, tumbo mbele, na mdomo wake ukabana. Juu, kwenye dirisha la chumba cha mitambo, Pazi alikuwa amesimama na kipaza sauti chake.

"Asalaam aleikum na habari za asubuhi," Kalunde alisema. "Safari ya Tabora kwenda Vankuva. Umbali ni kilomita elfu kumi na nne na mia sita. Muda wa safari ni siku tisa."

Ukumbi mzima uliangua kicheko.

Hakuwa amelitegemea hilo. Alisimama akawatazama wanavyocheka, wahudumu wameshikana mabega, mzee mmoja anajipigapiga goti. Ndipo alipoelewa kazi ile ya mwaka na nusu ilivyofanywa kwa ustadi. Neno lenyewe lilikuwa limeshachezewa mpaka halina meno.

"Siku tisa," alirudia. "Miili yenu inakaa humo siku tisa. Ndiyo maana mnanyolewa."

Walicheka zaidi. Na kutoka juu sauti ya Pazi ikamiminika, nzito na ya kirafiki: "Ndugu abiria, msameheni mtani wangu. Leo ameamka na kiherehere cha babu zake. Mpeni mzigo abebe."

Kalunde aliinua uso akamtazama dirishani. Alipoongea tena hakupandisha sauti.

"Athumani Pazi. Nimekukasirikia."

Kicheko kilikatika kama kilivyoanza, mstari kwa mstari. Mzee aliyekuwa akipiga goti aliacha mkono hewani. Hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo yakisemwa na Mnyamwezi kwa Mzaramo, si harusini, si msibani, wala katika ugomvi. Mhudumu mmoja alijishika mdomo.

"Nimekukasirikia mbele ya hawa watu wote," Kalunde alisema, "na utani kati yangu na wewe umekwisha. Ukifa sitakuja kucheka kwako. Nikifa usije kwangu. Sasa waambie kama ninatania."

Kipaza sauti cha juu kilikwaruza. Watu walisubiri. Pazi alirudi nyuma hatua moja, na kioo kikabaki kitupu. Hakuna jibu jingine ambalo lingesikika vizuri kuliko hilo.

Bi Mgeni, ambaye tangu jana alikuwa akisubiri mtu wa kumsikiliza, alipita katikati ya mistari ameinua mikono juu, kucha nje. Wanawake ndio walioelewa kwanza. Mmoja alitazama zake, akamnong'oneza jirani. Jirani akaanza kuhesabu kitu kimyakimya, na uso wake ukabadilika.

"Atakayetaka kusafiri asafiri," Kalunde alisema. "Kwa mwenye mgonjwa huenda siku tisa si kitu. Lakini atazitoa akijua. Na vyeti vyote vya nyuma ni sahihi yangu mimi. Sitasema nililazimishwa. Nilitazama saa za nje, sikuuliza ya ndani."

Alichukua cheti cha safari ile juu ya meza. Kwenye nafasi ya muda aliandika siku tisa, kwa herufi na kwa tarakimu kama alivyofundishwa reli, akatia sahihi. Mlango wa ofisi za shirika ulikuwa umefunguka na watu wawili wenye suti walikuwa wakija kwa haraka. Hakuwaangalia. Alikuwa akimwangalia Bi Siwema.

Bi Siwema alikuwa bado ameshika kifuko. Kucha zake zilikuwa na hina ya Idi. Alizitazama, kisha akakunja kidole kimoja, cha pili, cha tatu, akihesabu safari zake za macho, na vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaendelea na wa pili. Alipomaliza alitoa saa kwenye kifuko akaivaa. Kifungo kilimsumbua. Halafu alitoka kwenye mstari, akaenda polepole mpaka aliposimama Nyamizi, akainamisha kichwa kama mtu mbele ya mkubwa wake.

"Mwanangu," alisema. "Huyo mtoto ana wiki ngapi?"

Nyamizi alimtazama mama mkwe wake, kisha akamtazama mama yake ng'ambo ya ukumbi, huku wale wa suti wakimfikia.

"Wiki kumi na moja niliwaapia mkazikataa," alijibu. "Zilizobaki muulize mama yangu. Yeye ndiye mnayemwamini."